Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Habari Kenya: Mlianza Kujumlisha Kura, Kisha Mkanyamaza

Kwa Wahariri Wakuu wa vituo vya runinga, redio na magazeti nchini Kenya.
Nakala kwa Baraza la Vyombo vya Habari na Chama cha Wahariri.

Waheshimiwa wahariri,

Ninawaandikia kuhusu siku chache za mwezi wa Agosti mwaka 2022, tangu jioni ya Jumanne tarehe 9 vituo vya kupigia kura vilipofungwa hadi jioni ya Jumatatu tarehe 15 matokeo ya urais yalipotangazwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. Katika siku hizo mlipata nafasi ambayo vyumba vya habari nchini havikuwa vimeipata hapo awali, mkaitumia kila mmoja kivyake, mkatuonyesha hesabu zilizokinzana, kisha mkaiacha kazi kabla haijaisha bila kutueleza sababu. Uchaguzi mwingine ni tarehe 10 Agosti 2027. Mimi kama mtazamaji na mpiga kura sijaona mahali popote mlipotueleza mtafanya vipi safari hii, na ndiyo maana ninaandika mapema, wakati bado kuna nafasi ya kupanga.

Nieleze kwanza kilichokuwa kipya mwaka ule, kwa sababu naona tumekisahau upesi mno. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, moja kwa kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229. Fomu hiyo hujazwa pale pale kura zilipopigwa, mara tu baada ya kuhesabiwa mbele ya mawakala: jina la kaunti, eneo bunge, wadi na kituo juu, majina ya wagombea wanne kwa mpangilio wa alfabeti, Odinga, Ruto, Waihiga na Wajackoyah, kura za kila mmoja, kura zilizokataliwa, na chini sahihi ya msimamizi wa kituo pamoja na za mawakala. Nakala hubandikwa mlangoni, na picha hutumwa kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume kilichopo kituoni. Katika muda wa siku mbili tangu kura kupigwa, karibu fomu zote zilikuwa zinasomeka kwenye tovuti, na mwenyekiti wa tume wakati huo, hayati Wafula Chebukati, aliruhusu yeyote mwenye nia ajumlishe. Isitoshe, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshaamua mwezi wa Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na hayabadilishwi Nairobi. Kilichobaki kwa hiyo kilikuwa kujumlisha, na kujumlisha ni kazi ambayo sheria haijamnyima mwandishi wa habari. Sheria inaiachia tume peke yake kumtangaza mshindi.

Anayeona kwamba jambo hili ni dogo akumbuke tulikotoka. Mwaka 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja jioni ile ile mshindi alipotangazwa, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ikaja kusema kwamba matokeo ya kweli ya urais hayangeweza kujulikana tena. Mwaka 2013 runinga zote zilionyesha skrini moja ya tume, na kwenye skrini hiyo kura zilizokataliwa zilipita 300,000 kwa sababu programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilionyesha hazikufika hata 110,000, lakini kwa muda wote huo tulikuwa tumeketi mbele ya wachambuzi wakitueleza maana ya idadi ambayo haikuwapo. Mwaka 2017 mlituonyesha tena takwimu zilizotumwa na tume bila fomu zake, mkazirudia usiku na mchana, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wenyewe. Katika chaguzi hizo mngeweza kusema kwamba hamkuwa na karatasi mikononi. Mwaka 2022 karatasi mlikuwa nazo.

Sasa mambo yalikwendaje? Kila kituo cha habari kiliajiri au kuwakusanya vijana wake, kikawaketisha mbele ya kompyuta, wakaanza kufungua fomu moja moja na kuandika nambari kwa mkono. Tovuti ilipangwa kwa kaunti, kisha maeneo bunge, kisha wadi, na kila chumba cha habari kilianzia pale kilipoona panafaa. Aliyeanza na ngome za mgombea huyu alimwonyesha akiongoza, na aliyeanza na ngome za yule naye vivyo hivyo. Hapakuwa na ulaghai wowote katika hilo, na Chebukati mwenyewe aliwaambia Wakenya wasitiwe hofu na tofauti hizo. Lakini kwenye skrini hakuna aliyetueleza kwa uwazi unaostahili. Tuliona nyuso mbili kubwa, nambari mbili kubwa, asilimia mbili zenye desimali mbili, na pengine kwa maandishi madogo kabisa idadi ya vituo vilivyohesabiwa. Ni kaunti zipi zilizomo katika hesabu hiyo, na ni zipi ambazo hazijaguswa, hatukuambiwa.

Jumatano ile nilikuwa kwa kinyozi hapa Kisauni, na runinga ilikuwa juu ya kioo kama ilivyo kawaida. Mteja mmoja aliomba kituo fulani, akaona mgombea wake yuko mbele, akatulia. Alipoinuka kwenye kiti, aliyemfuata aliomba kituo kingine, na huko mgombea wake yeye ndiye aliyekuwa mbele. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akinyoosha kidole kwenye kioo, na kila mmoja akiwa na ushahidi uliotangazwa na chombo cha habari chenye leseni. Nilichokiona pale hakikuwa ujinga wa wananchi. Walikuwa wakiamini walichoonyeshwa na watu waliosomea kazi hiyo. Kufikia jioni kila upande ulikuwa na kituo chake, na yeyote ambaye angetangazwa kushindwa baadaye alikuwa tayari ameshaonyeshwa kwamba alikuwa akishinda.

Pengo la mwisho kati ya wagombea wawili wa kwanza, kwa hesabu iliyotangazwa na tume, lilikuwa kura 233,211: Rais William Ruto alipata 7,176,141 na hayati Raila Odinga akapata 6,942,930. Ligawanyeni pengo hilo kwa vituo 46,229, mtapata wastani wa kura tano kwa kila kituo, katika vituo ambavyo kila kimoja kiliruhusiwa kuwa na hadi wapiga kura 700 walioandikishwa. Uchaguzi wenye pengo la kura tano kwa kituo hauwezi kuonyeshwa kwa hesabu ya robo au nusu ya nchi, iliyokusanywa kwa mpangilio usioelezwa, na mtazamaji akaachwa aamini kwamba anaona mwelekeo. Hata kosa la kuandika 61 mahali pa 16, likirudiwa katika vituo vingi, lilitosha kuichafua picha. Tena Katiba haitazami jumla peke yake, kwani mshindi lazima apate pia angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Sharti hilo karibu halikuonekana kwenye skrini zenu, ingawa lina uzito ule ule wa nusu ya kura na moja zaidi.

Kisha mkanyamaza. Kufikia mwisho wa wiki ile hesabu zenu zilikuwa zimesimama, na fomu zilikuwa bado zipo pale pale kwenye tovuti. Baraza la Vyombo vya Habari lilikuwa limesema kwamba linashauriana na wamiliki na wahariri ili matokeo yaonyeshwe kwa ulinganifu, na tukangoja ulinganifu huo. Uliokuja ni ulinganifu wa ukimya. Sitaki kubahatisha kilichotokea, maana nimesikia wanaosema mlitishwa, wengine kwamba mliogopa kuonekana mnawatangulia wenye mamlaka ya kutangaza, na wengine kwamba vijana walichoka tu. Lolote kati ya hayo lingekuwa habari, na lilistahili kusomwa saa moja jioni kama habari nyingine. Mngetuambia, "Tumesimamisha kwa sababu hii, tulikuwa tumefikia vituo hivi, na hesabu yetu mpaka hapa ni hii," tungewaelewa. Badala yake nchi iliachwa siku tatu na uvumi wa WhatsApp, majedwali ya watu wasiojulikana, na picha za fomu ambazo hakuna aliyekuwa akizithibitisha kwa niaba yetu.

Athari yake ilionekana wazi Jumatatu na Jumanne. Matokeo yalipokuwa yakisubiriwa Bomas katikati ya fujo, makamishna wanne kati ya saba wa tume walikuwa hoteli ya Serena wakiwaambia waandishi kwamba hawayakubali. Siku iliyofuata walitoa sababu zao, na moja kati ya hizo ilikuwa kwamba asilimia za wagombea wote zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000.

Hapa ninawaomba mtulie kidogo nami, kwa sababu sijui mfano ulio wazi zaidi ya huu. Asilimia zilizotangazwa zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, na kweli jumla yake ni 100.01, jambo ambalo huweza kutokea asilimia zinapokadiriwa hadi desimali mbili. Kura halali zilikuwa zaidi kidogo ya milioni 14.2. Asilimia moja ya hizo ni kama 142,000. Sehemu moja ya mia ya asilimia hiyo, yaani 0.01, ni kama 1,420. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, na simu yoyote ina kikokotoo. Hata hivyo kauli ile ilirushwa moja kwa moja hewani nchi nzima, siku ambayo watu walikuwa na hasira na hofu, na waliohangaika kuifanyia hesabu mapema walikuwa wananchi mitandaoni. Ninaamini kwamba kama ndani ya studio zenu kungekuwa na meza iliyokwisha kujumlisha fomu zote, mtu mmoja pale angeinua mkono dakika ile ile. Meza hiyo ilikuwa imevunjwa siku chache kabla.

Na si kwamba kazi haikuwezekana. Kundi la waangalizi wa ndani, ELOG, lilifanya ujumlishaji sambamba kwa kutumia sampuli ya vituo, na makadirio yake yakakubaliana na matokeo ya tume. Mahakama ya Juu nayo, katika uamuzi wa pamoja wa majaji wote saba tarehe 5 Septemba kuhusu kesi ya kupinga matokeo, haikuona tofauti ya maana kati ya fomu za tovutini na zile za karatasi. Maana yake ni kwamba hesabu yenu, kama mngeimaliza kwa uangalifu, ingefika karibu sana pale mahakama ilipofika wiki tatu baadaye. Mamilioni ya Wakenya wangelala Jumapili ile wakijua pengo ni dogo, wakijua liko upande gani, na wakijua kwamba vyombo visivyo na urafiki baina yao vimefikia jumla moja. Hasira ya aliyeshindwa isingekwisha kwa sababu hiyo. Lakini angalau kusingekuwa na vituo viwili vilivyowahi kumpa mteja wa kinyozi majibu mawili.

Wapo watakaosema kwamba Afrika hii haijazoea vyombo vya habari kuitangulia tume. Nawaomba watazame Senegal. Mwaka 2000 waandishi wa redio walisimama vituoni wakiwa na simu za mkononi, wakasoma hewani matokeo ya kituo kimoja kimoja kama yalivyohesabiwa, na asubuhi iliyofuata Rais Abdou Diouf alimpigia simu mpinzani wake, Abdoulaye Wade, kumpongeza. Mwezi wa Machi 2024 hali ilikuwa karibu hiyo hiyo: kura zilipigwa Jumapili tarehe 24, matokeo ya vituo yakasomwa redioni usiku kucha, na kesho yake mgombea wa chama tawala, Amadou Ba, akakubali kwamba Bassirou Diomaye Faye ameshinda, kabla matokeo rasmi hayajatolewa. Redio za Senegal hazikumtangaza rais. Zilisoma kilichoandikwa kwenye karatasi, kituo baada ya kituo, na kutaja jina la kituo.

Ninachowaomba ni hesabu moja ya pamoja. Ninajua mnashindana kwa watazamaji na matangazo ya biashara, na ninajua pia kwamba miaka hii imekuwa migumu, vyumba vya habari vimepunguza wafanyakazi na mishahara imechelewa. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kushirikiana. Vituo vitano vya habari vikiandika fomu zile zile 46,229 mara tano, kila kimoja kwa haraka na kwa makosa yake, ni gharama isiyo na faida. Mkichanga, kila fomu inaweza kuandikwa na watu wawili wasioonana, na pale wanapotofautiana mtu wa tatu akaifungua upya. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa takwimu watakaofurahia kazi hiyo ya siku nne. Baada ya hapo shindaneni mtakavyo katika uchambuzi, wageni wa studio na ripoti za nyanjani, kwani hapo ndipo ushindani una maana.

Hesabu hiyo ikionyeshwa, idadi ya vituo vilivyokwisha kujumlishwa iwe na ukubwa sawa na nambari za wagombea. Ramani ya kaunti 47 iwe pale pale, ikionyesha zilizokamilika na zisizokamilika, na sharti la kaunti 24 liwe na nafasi yake. Kama inawezekana, chukueni fomu kwa uwiano kutoka kaunti zote badala ya kumaliza eneo moja kwanza. Jedwali lenyewe mliweke wazi, mstari mmoja kwa kila kituo, ili mtu wa Wajir au wa Kwale aweze kukitafuta kituo chake na kulinganisha na karatasi aliyoiona mlangoni. Makosa yatakuwapo. Yakionekana, yasahihishwe hewani kwa sauti ile ile iliyotangaza nambari ya kwanza.

Zungumzeni pia na tume mapema. Mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake hawajafungwa na ahadi ya aliyewatangulia, na sisi wananchi hatuna hakika kwamba tovuti ya fomu itafunguliwa kwa namna ile ile. Takeni jibu la maandishi, na mwombe kwamba pamoja na picha zitolewe nambari katika mfumo ambao kompyuta inasoma. Kuhusu vitisho, hakuna haja ya kujifanya havipo. Januari 2018 vituo vitatu vikubwa vya runinga vilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya tukio la Uhuru Park, Odinga alipoapishwa kuwa "rais wa wananchi", na tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo siku ile ile. Kinachonipa moyo ni huo uamuzi wa mahakama. Mawakili wenu wanaweza kuandaa hati sasa, na amri kama hiyo ikija usiku wa tarehe 10 Agosti, itakuta vituo vyote vikionyesha hesabu moja. Ni vigumu zaidi kuzima hesabu ya wote kuliko ya mmoja.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipotee. Wakati macho yote yalipokuwa kwenye nambari mbili za urais, nchi ilikuwa na kura sita za kupiga. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani walichaguliwa siku ile ile, na wengi wetu tuliyajua matokeo yao kwa kuulizana barabarani. Ila hapa Mombasa na kule Kakamega uchaguzi wa ugavana uliahirishwa kwa sababu ya karatasi za kura zilizochanganywa, ukafanyika tarehe 29 Agosti, na wiki zile tatu za wasiwasi wetu zilipata dakika chache tu mwishoni mwa taarifa. Watu hao ndio wanaosimamia hospitali za kaunti na maji ya bomba. Meza ya pamoja ya kujumlisha urais ingewaachia waandishi wenu wa kaunti muda wa kukaa kwenye kumbi za ujumlishaji za huku na kutuletea habari zake.

Chaguzi ndogo zote zitakazofanyika kabla ya Agosti 2027 zinafaa kuwa mazoezi. Vituo ni vichache, fomu ni chache, na makosa yake yanaweza kurekebishwa bila nchi kutetemeka. Fanyeni hesabu ya pamoja katika mojawapo, ichapisheni yote, na mtuambie palipoharibika. Kisha, kabla kampeni rasmi hazijaanza, tangazeni kwa pamoja mpango mtakaoufuata: nani ameingia, nani amekataa, fomu zitachukuliwa kwa utaratibu gani, na ni nani atakayesimama mbele ya kamera kutueleza iwapo hesabu italazimika kusimama. Jibu lenu ningependa kulisoma hadharani, gazetini au hewani, kwa sababu swali hili si langu peke yangu.

Wenu kwa heshima,

Mpiga kura, Kisauni, Mombasa